Kwa Nini Juba Hutia Saini Hapa na Kunyamaza Pale

Kama uko Konyo Konyo unafunga duka, au umekwama kwenye msongamano wa magari pale Custom, ongeza sauti kidogo. Jioni hii nazungumzia mikataba ya silaha, na najua neno mkataba peke yake limeshawafanya wengine wanyooshe mkono kubadilisha stesheni. Subiri kwanza. Habari hii ina vifaru, ina maharamia, na ina majirani zetu ndani yake.

Mwezi wa Mei unapoelekea kwisha, Juba huwa na malalamiko yale yale. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa hukutana New York, hupiga kura, na vikwazo vya silaha dhidi ya Sudan Kusini huongezewa mwaka mwingine. Vilianza Julai 13, 2018, kwa azimio namba 2428 lililopita kwa kura 9, kiwango cha chini kabisa kinachotakiwa. Nchi 6 zilijizuia kupiga kura, Ethiopia ikiwa mojawapo. Mei 30, 2025 hesabu ikarudi pale pale: 9 waliounga mkono, 6 waliojizuia, na safari hii Somalia ilikuwa miongoni mwa hao 6. Serikali yetu husema kwamba nchi huru inanyimwa haki ya kujilinda, na kwamba haiwezekani kuunda vikosi vya pamoja vya makubaliano ya amani halafu askari wake wasiwe na silaha. Si hoja ya kupuuza. Askari asiye na bunduki hawezi kulinda barabara ya Bor, na kila dereva anayepita barabara ile analijua hilo.

Sasa ipo tarehe nyingine, siku moja tu baadaye, ambayo sijawahi kusikia ikizozaniwa hapa mjini. Mei 31 ndiyo siku ya mwisho kwa nchi wanachama wa Mkataba wa Biashara ya Silaha kuwasilisha ripoti ya silaha zilizoingia na kutoka mwaka uliotangulia. Sudan Kusini haimo. Tunalalamikia sheria tuliyowekewa na wengine, na ile ambayo tungeingia kwa hiari yetu wenyewe hatujaigusa. Kwa nini?

Wasomi wa siasa za kimataifa wana jibu la haraka: nchi hupenda mkataba unaoizuia yenyewe kidogo na kumzuia adui yake sana. Wahenga wetu walishalisema kwa ufupi zaidi, mkuki kwa nguruwe. Jibu hilo lina ukweli mwingi. Lakini ukiangalia orodha ya mikataba ambayo Juba imeingia na ile ambayo imeiacha, utaona kwamba halitoshi.

Tuanze na mabomu ya kutegwa ardhini, kwa sababu hapo tulifanya haraka. Vita vya 1983 hadi 2005 viliacha mabomu haya katika barabara za kutoka Juba karibu pande zote. Jeshi la Khartoum liliyatega kuzunguka miji liliyoishikilia, na SPLA, jeshi la waasi wa kusini, nayo ilitega ya kwake. Mwaka 1997 Khartoum ilitia saini mkataba wa Ottawa unaoyapiga marufuku. SPLA haikuweza kutia saini, maana mkataba ule ni wa serikali na wao walikuwa waasi wa msituni. Shirika la Geneva Call la Uswisi likawatafutia njia: hati maalumu ya ahadi kwa makundi yenye silaha yasiyo serikali. SPLA ikaitia saini mwaka 2001, zaidi ya miaka mitatu kabla ya amani.

Jiulize waasi walikuwa na faida gani kuahidi hivyo katikati ya vita. Faida walikuwa nayo, tena kubwa. John Garang, kiongozi wao, alihitaji dunia imwone kama kiongozi wa serikali inayokuja, na njia mojawapo ya kuonekana serikali ni kutia saini yale ambayo serikali hutia saini. Alihitaji malori ya chakula yapite. Na bomu la ardhini halichagui: lililotegewa adui mwaka huu, mwaka ujao linamlipua mpiganaji wako, au ng'ombe wa mjomba wake. Kwa hiyo silaha yenyewe ilikuwa imeanza kuwa mzigo. Machi 2008, mabomu zaidi ya 6,000 yaliyokuwa ghalani yaliteketezwa hapa Juba. Bendera ilipopandishwa Julai 9, 2011, haikupita hata nusu mwaka: Novemba ya mwaka huo huo Sudan Kusini ikaurithi mkataba wa Ottawa rasmi.

Hapo vitu vitatu vilikutana. Silaha haikuwa na kazi tena, raia walikuwa wanakatika miguu, na wafadhili walikuwa tayari kulipia usafishaji. Vitu hivyo vikikutana, nchi yoyote hutia saini bila kubishana. Kutekeleza ni habari nyingine. Mkataba uliipa Sudan Kusini miaka 10 kumaliza kusafisha ardhi yake, hadi Julai 9, 2021. Katikati hapo ikaja vita ya Desemba 2013, ikaja ya Julai 2016, yakaja mafuriko, na muda ukasogezwa hadi Julai 9, 2026.

Na asije mtu akadhani kwamba kuingia mkataba huu ni tabia ya nchi zenye moyo mwema. Mwaka 2025 Finland, Poland, Lithuania, Latvia na Estonia zilichukua hatua ya kujitoa Ottawa. Hizi ni nchi tajiri, zenye bunge linalohoji na magazeti yanayosema. Zinapakana na Urusi, na baada ya kuona yaliyotokea Ukraine zikaamua kwamba silaha ambayo zilikuwa zimeikataa wakati wa utulivu zinaitaka tena. Mkataba haukubadilika hata nukta. Aliyebadilika ni jirani.

Jambo hili wafugaji wa Jonglei hawahitaji kufundishwa na profesa. Mwanzoni mwa mwaka 2006 SPLA, sasa ikiwa jeshi la serikali ya kusini, iliendesha zoezi la kuwanyang'anya silaha vijana wa jamii ya Lou Nuer. Swali la vijana lilikuwa jepesi: na Murle je? Na Dinka wa Bor je? Ukinichukulia bunduki leo na mwenzangu ukamwachia, ng'ombe wangu kesho watakuwa wa nani? Serikali haikuwa na jibu la kuwaridhisha, ikatumia nguvu. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria kwamba silaha zilizokusanywa zilikuwa kiasi cha 3,000, na watu waliokufa, wapiganaji na askari, walizidi 1,500. Agosti 2020 zoezi kama hilo lilifanyika Tonj Mashariki, Warrap, likaishia kwenye mapigano na makaburi. Finland na kijana wa Lou Nuer wamepiga hesabu moja.

Hadi hapo, jibu la wasomi linafanya kazi. Sasa tazama upande mwingine wa orodha.

Mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali una nchi wanachama 193. Zilizo nje ni nne: Israeli, iliyotia saini bila kuridhia, Misri, Korea Kaskazini, na Sudan Kusini. Ule wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, walio nje ambao hawajawahi kuuingia ni India, Pakistan, Israeli na, ndiyo, Sudan Kusini. Korea Kaskazini iliingia ikatangaza kutoka mwaka 2003. Misri ina hoja yake, kwamba haitaachana na kadi ya kemikali wakati Israeli ina ile ya nyuklia. India na Pakistan zina mabomu na mpaka wenye damu. Sudan Kusini ina nini? Haina kinu cha nyuklia. Mji mkuu wake unategemea jenereta. Tumeketi meza moja na wenye mabomu ya atomu, na sisi hatuna hata kiberiti cha kuwashia.

Ofisa wa nchi nyingine akisoma orodha hiyo, atadhani tuna siri. Siri haipo. Nchi changa huzaliwa na rundo la mikataba ya kurithi au kuingia, na kila mmoja unahitaji mwanasheria wa kuusoma, waziri wa kuubeba hadi kwenye baraza, bunge la kuuridhia na mtu wa kuandika ripoti kila mwaka. Wizara yenye watu wachache, katika nchi iliyopigana vita mbili ndani ya miaka mitano ya kwanza, huanza na mikataba yenye msaada wa fedha nyuma yake. Isiyo na msaada hubaki kwenye droo. Ushahidi wangu ni mwaka 2023. Februari ya mwaka ule Juba ilijiunga na mkataba wa silaha za kibiolojia, na Agosti ikajiunga na ule wa mabomu ya mtawanyiko. Tishio halikuwa limepungua. Kuna watu walikaa mezani wakafanya kazi, basi. Wakikaa tena, ule wa kemikali unaweza kumalizika bila kumnyima jenerali yeyote usingizi.

Huo wa mabomu ya mtawanyiko una hadithi yake, na majirani wanaingia hapa. Ni bomu kubwa linalopasuka hewani na kumwaga vibomu vidogo vingi juu ya eneo pana, na baadhi yake havilipuki hadi mtoto avichezee. Februari 2014 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wa kutegua mabomu walikuta mabaki yake kando ya barabara ya Juba kwenda Bor, kilomita 16 hivi kusini mwa Bor. Yalikuwa mabomu ya kudondoshwa na ndege, ya muundo wa Kisovieti. Jeshi la Uganda lilikuwa likipigana upande wa serikali katika eneo lile. Kampala ilikana kuyatumia, Juba nayo ikakana. Hakuna aliyekiri mpaka leo.

Uganda ilikuwa imetia saini mkataba huo mwaka 2008. Kampala yenyewe ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika kuuhimiza, Septemba ya mwaka ule. Kisha haikuuridhia. Kenya na Tanzania nazo zilitia saini mwaka ule ule. Katika Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, kutia saini ni sherehe: kuna picha, kuna kalamu nzuri, kuna hotuba. Kuridhia ndiko kunakoleta wajibu wote, na huko hakuna kamera. Kwa hiyo ukitaka kujua nchi inaamini nini, acha tarehe ya saini, tafuta tarehe ya bunge.

Tunafika sasa kwenye bunduki za kawaida, risasi na vifaru, yaani vitu vinavyoua watu hapa kwetu kila wiki. Na hapa hadithi inaanzia baharini.

Septemba 25, 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Kiukraine, MV Faina, ikielekea Mombasa. Walipofungua shehena wakakuta vifaru 33 aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi. Nairobi ikasema haraka kwamba vifaru ni vya jeshi la Kenya. Andrew Mwangura wa Mombasa, aliyekuwa akiongoza mpango wa kusaidia mabaharia, akasema hapana, mzigo unakwenda Sudan Kusini. Alikamatwa na kufikishwa mahakamani. Karatasi za mzigo zilikuwa na herufi nne, GOSS, ambazo mtu yeyote aliyeishi Juba miaka ile alizijua: ndivyo serikali ya kusini ilivyoitwa kwa kifupi. Nairobi ikatoa maelezo mengine ya herufi hizo, kwamba zinahusu idara ya vifaa vya kijeshi. Meli ililipiwa fidia ya dola milioni 3.2 na kuachiwa Februari 2009. Mwaka 2010 nyaraka za kidiplomasia za Marekani zilizovuja zikaonyesha kwamba Washington ilijua tangu mwanzo vifaru vilikuwa vya kuja kwetu.

Kenya hiyo hiyo, mwaka 2006, ilikuwa moja ya nchi saba zilizopeleka Umoja wa Mataifa wazo la mkataba wa dunia wa biashara ya silaha, pamoja na Uingereza, Japani, Australia, Finland, Argentina na Costa Rica. Sababu yake ilikuwa ya kweli: bunduki za vita vya Sudan, Somalia na Uganda zilikuwa zikiishia Turkana na Pokoti. Machi 2013 Iran, Syria na Korea Kaskazini zilizuia maafikiano, na Kenya ikawa miongoni mwa waliosukuma suala lihamishiwe Baraza Kuu. Aprili 2, 2013 mkataba ukapita: 154 wakaunga mkono, hao watatu wakapinga, 23 wakajizuia, Sudan ya Khartoum ikiwa mmojawapo. Desemba 2014 ulipoanza kutumika na dirisha la kutia saini likafungwa, Kenya ilikuwa haijatia saini. Fundi aliyechora nyumba hakuingia ndani.

Kwa nini? Mkataba huu haukatazi nchi kununua silaha. Unakataza kuzipeleka panapojulikana kwamba zitatumika kuangamiza raia, unataka muuzaji apime hatari kwanza, na unataka kila mwanachama aweke kumbukumbu na kuripoti. Nchi inayonunua kwa matumizi yake inaweza kuishi nao. Nchi ambayo bandari yake, uwanja wake wa ndege au saini ya ofisa wake hutumika kununulia mwingine, ndiyo yenye tatizo. Julai 2014 shehena ya silaha za Kichina yenye thamani ya dola milioni 38 ilipitia Mombasa kuja Juba, mwaka ambao Umoja wa Mataifa ulikuwa ukionya kwamba watu wetu wanakabiliwa na njaa. Novemba 2018 shirika la Conflict Armament Research lilichapisha uchunguzi wa miaka minne: silaha zilizouzwa na Bulgaria, Romania na Slovakia zilikuwa na vyeti vinavyosema mtumiaji wa mwisho ni Uganda, kisha zikaonekana mikononi mwa SPLA. Wauzaji wa Ulaya makaratasi yao yalikuwa sawa. Mkataba uliwabana wao, ukaishia mlangoni kwa jirani asiyekuwa mwanachama.

Ndiyo maana nasema kuna namna mbili za kuukwepa mkataba, na tusizichanganye. Ipo ya kiti kitupu, kama Juba na silaha za kemikali. Na ipo ya daftari lililofunikwa. Mkataba wa Biashara ya Silaha, kwa Juba, Nairobi na Kampala, uko kwenye namna ya pili. Tatizo ni kuandika nani alinunua nini, kwa bei gani, kupitia wapi. Serikali nyingi zinaweza kuvumilia kukatazwa. Kuhesabiwa ndiko kunakoziuma.

Najua kuna msikilizaji atasema: huyu mtangazaji ni mtoto, mkataba haujawahi kuzuia risasi. Ni kweli kwa sehemu. Human Rights Watch iliripoti kwamba Machi 2025, wakati wa mapigano ya Nasir, mabomu ya kuunguza yalidondoshwa kutoka angani katika Upper Nile na kuua watu wasiopungua 58. Ipo itifaki ya kimataifa inayodhibiti silaha za kuunguza, na Sudan Kusini haimo, lakini sitakudanganya kwamba saini peke yake ingezuia ndege ile kuruka. Vikwazo vyenyewe vya Baraza la Usalama vipo tangu 2018, na silaha hazijaacha kuonekana.

Jambo ninalolishikilia ni dogo zaidi. Mwaka 2021 Baraza la Usalama liliiwekea Juba masharti matano ya kupimia kama vikwazo vilegezwe, na moja ni kusimamia vizuri silaha zilizopo: kuzihifadhi, kuzihesabu, kujua zilipo. Hayo hayo yamo katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo, na hayo hayo yamo katika Mkataba wa Biashara ya Silaha, ambao una hata mfuko wa kusaidia nchi zisizo na uwezo wa kuanza. Mwaka 2025 kura za kuongeza vikwazo zilikuwa 9 tu. Kura moja ikihama, vikwazo vinaanguka. Siku vikianguka, nchi itakuwa na nini cha kuzuia shehena kama ile ya 2014? Kwa sasa hakuna kitu. Mwanadiplomasia wetu angekwenda New York na daftari lililo wazi, angekuwa na hoja yenye nguvu kuliko hotuba ya uhuru wa nchi ambayo tumeirudia miaka yote hii.

Kwa hiyo ombi langu jioni hii ni kwa waheshimiwa wabunge wetu walioko hapa hapa Juba. Mkataba wa silaha za kemikali uchukueni, mjadiliane siku moja, mmalize. Hauna gharama kubwa na unatutoa kwenye orodha ya aibu. Mkataba wa Biashara ya Silaha uleteni bungeni, na waziri wa ulinzi aulizwe mbele ya wananchi anaupinga kwa sababu gani. Na ninyi mnaotusikiliza mkiwa Nairobi na Kampala, waulizeni wabunge wenu swali lile lile, maana sisi hapa hatuna kiwanda cha bunduki wala bandari ya bahari. Kila risasi inayolia Jonglei imepita kwa mtu kabla ya kufika kwetu.